Kalamu inaposita mkononi: nitajuaje kama ni dhamiri inayonizuia au ni woga tu?

Mtunza Stoo, Dodoma

Salamu kwenu nyote. Nina jambo ambalo nimelibeba peke yangu kwa muda mrefu, na ningependa kulisikia likijadiliwa na watu waliokwisha kulitafakari kutoka pande tofauti.

Mimi ni mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi. Kazi yangu ni kupokea vifaa vinavyoletwa kwenye eneo la ujenzi, yaani saruji, nondo, mabati, rangi na vinginevyo, kisha kutia saini hati ya kupokelea mzigo, ambayo mhasibu huitumia kumlipa msambazaji. Lori la saruji linapofika ninasimama pembeni na kuhesabu mifuko kadiri vibarua wanavyoishusha na kuipanga, na siku nyingi hesabu yangu hukubaliana na karatasi ya dereva. Lakini ziko siku ambapo karatasi inasema 400 na iliyoshuka ni 360. Dereva hueleza kwamba 40 imebaki kwenye ghala la msambazaji na italetwa kwa safari ijayo, na msimamizi wangu huniambia niandike 400 ili malipo yasikwame, kwa kuwa msambazaji asipolipwa kwa wakati kazi nzima husimama. Kwa kweli mara nyingine ile 40 huja. Mara nyingine siwezi kuapa, kwa sababu hufika pamoja na mzigo mwingine, na hesabu za mizigo miwili huwa zimekwisha kuingiliana.

Sijawahi kupewa bahasha, wala sina mtu wa kumnyooshea kidole. Wenzangu wa maeneo mengine wananiambia ndivyo kazi inavyokwenda. Hata hivyo kila ninaposhika kalamu kuandika ile 400, kuna kitu ndani yangu kinachogoma, na nikishaandika, jioni yake huwa mkali kwa watoto bila sababu.

Siku hizi ninasikia sana watu wakihimizwa wausikilize moyo, waiamini hekima iliyo ndani yao, waishi kwa ukweli. Ningependa. Shida yangu ni kwamba moyo huu huu hunidunda pia nikiitwa ofisini kwa mkurugenzi, nikiombwa kusema neno la shukrani kikaoni, au nikitaka kudai malipo ya saa za ziada ambayo ni haki yangu. Huko hakuna kosa lolote, ni woga tu. Nikiutii kila unapotetemeka, sitathubutu jambo. Nikiupuuza kila mara, nitakuwa mtu wa kuandika chochote ninachoambiwa. Tena ninawafahamu watu waliotelekeza familia zao wakisema mioyo yao imewaelekeza hivyo, na wanalala usingizi mzuri kabisa.

Basi ninaomba msaada wa kutofautisha. Naomba pia nisiambiwe tu nikaripoti au niache kazi, kwa kuwa nina watoto wanaosoma na kuna wengine wanaonitegemea. Nataka kwanza nijue kama hiki ninachokisikia ni cha kutegemewa.

Mkunga Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, pole kwa kazi. Nitajibu kwa upande ninaoujua, ambao ni wa wodini.

Nimezalisha wanawake kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo moja ambalo kazi ile inafundisha ni kwamba mwili wa mtu mwenye uzoefu hutambua mambo kabla ulimi haujapata namna ya kuyasema. Mwanamke amejifungua salama, kondo la nyuma limetoka lote, shinikizo la damu linasomeka vizuri. Anaomba maji. Baada ya muda anaomba tena, anageuka huku na huku kitandani, anauliza jambo lile lile mara mbili. Mkunga mchanga anaangalia namba zilizo kwenye karatasi na kuridhika. Mkunga wa siku nyingi tayari ameshaweka kiganja juu ya tumbo kuupapasa mfuko wa uzazi kama umekaza au umelegea, na vidole vya mkono wa pili viko kwenye mshipa vikipima mapigo. Ukimwuliza wakati ule kwa nini, huenda akasema amehisi tu. Muujiza haupo hapo. Mwanamke mwenye afya anayevuja damu anaweza kupoteza nyingi kabla shinikizo halijashuka, na kiu, kuhangaika na mapigo kwenda mbio hutangulia. Macho ya mkunga yamekwisha kuyaona hayo mara nyingi, na yanayakumbuka kwa niaba yake.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, aliwachunguza makamanda wa zimamoto, na kisa kimoja alichokusanya kimejulikana sana. Kamanda aliingia na vijana wake katika nyumba iliyoonekana kuungua jikoni, ghafla akawaamuru watoke wote bila kuweza kueleza sababu, na muda mfupi baadaye sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaporomoka, kwa kuwa moto wenyewe ulikuwa katika chumba kilichoko chini yake. Yeye aliamini ana kipawa cha kujua yaliyofichika. Alipohojiwa kwa utaratibu ilibainika kwamba sebule ilikuwa na joto kubwa mno kwa moto mdogo wa jikoni, kwamba maji hayakuupunguza moto kama ilivyotarajiwa, na kwamba palikuwa kimya kuliko kawaida. Alikuwa anajua, ila hakujua kwamba anajua.

Mwaka 2009 Klein aliandika makala pamoja na Daniel Kahneman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akionyesha jinsi hisia za haraka zinavyotupotosha. Watu hawa wawili walitoka pande zinazopingana, na ndiyo maana ninawaamini walipokubaliana. Walisema kwamba hisia ya ndani hutegemewa pale ambapo shughuli yenyewe ina mpangilio unaojirudia, na mtu amepata muda wa kutosha wa kuujifunza mpangilio huo kwa kuona matokeo ya maamuzi yake. Wakaongeza kwamba uhakika ambao mtu anausikia moyoni, hata uwe mkubwa kiasi gani, hauthibitishi kwamba yuko sahihi.

Sasa jipime. Kwenye kuhesabu mzigo, masharti yote mawili umeyatimiza. Umekwisha kuona madereva wengi, na unajua anavyozungumza yule ambaye kweli alipakiwa pungufu na anavyozungumza yule aliyekwisha kupanga maneno njiani. Kusita kwako kuna elimu ndani yake. Lakini ofisini kwa mkurugenzi umeingia mara ngapi maishani? Mtetemo wa pale pengine ulijifunzia darasani, mbele ya mwalimu mwenye fimbo, na mpaka leo unarudia somo lile. Kwa hiyo mimi nisingeuliza kama moyo unadunda. Ningeuliza: hiki kinachosema ndani yangu kimejifunzia wapi?

Mwana wa Mvita, Mombasa

Assalamu alaykum. Dadangu, swali lako liliulizwa zamani sana, na jibu lake limehifadhiwa.

Wabisa bin Maabad alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kujua wema ni nini na dhambi ni nini. Maana ya jibu alilopewa ni kwamba auulize moyo wake: wema ni kile ambacho nafsi na moyo hutulia nacho, na dhambi ni kile kinachokwaruza nafsini na kusitasita kifuani, hata kama watu watakupa fatwa na kukuongezea fatwa. Hapo pa mwisho ndipo panapokuhusu wewe. Wenzako wa maeneo mengine wamekwisha kukupa fatwa kwamba ndivyo kazi inavyokwenda, na bado kifua hakijatulia.

Ipo hadithi nyingine, iliyo katika mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim kutoka kwa Nawwas bin Samaan, inayoongeza kipimo kinachokufaa zaidi: dhambi ni kile kinachosumbua kifuani mwako, nawe ukachukia watu wakijue. Chukua mambo yako mawili uyapitishe hapo. Ukidai malipo ya saa za ziada unatetemeka, lakini je, ungechukia mama yako, watoto wako, au jirani unayemheshimu wajue kwamba umedai haki yako? Nadhani ungewasimulia mwenyewe. Sasa chukua ile 400. Je, ungependa mwenye kampuni awe amesimama nyuma ya bega lako akiona mifuko iliyopangwa chini na tarakimu unayoiandika? Kipimo hiki kina mpaka wake, maana mtu aliyeonewa pia huweza kuona aibu ijapokuwa kosa si lake, lakini kwa matendo ambayo ni ya mkono wako mwenyewe, hukata vizuri.

Kuhusu wale waliotelekeza familia zao na wanalala vizuri, Kurani inazitaja hali tatu za nafsi. Iko nafsi inayoamrisha mabaya, katika Sura Yusuf aya ya 53; iko nafsi inayojilaumu, katika Sura Al-Qiyama aya ya 2; na iko nafsi iliyotulia, katika Sura Al-Fajr aya ya 27. Zote zinazungumza kutoka kifua kimoja, na ndiyo sababu wanazuoni hawakuifanya hadithi ya Wabisa kuwa ruhusa ya kila mtu kufuata apendavyo. Moyo unaoulizwa ni ule uliolelewa kwa ibada na kwa kumcha Mungu, tena unaulizwa pale penye shaka. Palipo na hukumu iliyo wazi hauitwi kutoa rai. Utulivu wa mtu aliyezoea kuitii ile nafsi ya kwanza haunipi mimi hoja yoyote. Lawama unayoisikia wewe jioni ndiyo dalili kwamba ile ya pili ingali hai, na ningesikitika sana kama ungefaulu kuinyamazisha.

Nigusie na istikhara, kwa kuwa wengi hukimbilia huko. Watu hudhani ni kuswali kisha kulala wakingoja ndoto. Ni rakaa mbili na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo na kheri, katika jambo lililo halali, na ni vyema iambatane na kutaka ushauri kwa watu. Mtu haswali istikhara ili aamue kama aandike uongo. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa ole kwa wapunjao, ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kamili na wakiwapimia wengine hupunguza. Wewe dadangu umewekwa pale pale kipimo kinapofanyika, na mtu wa mahali hapo ana amana kubwa kuliko mshahara wake unavyoonyesha.

Rafiki wa Kaimosi, Vihiga

Nimesoma majibu yaliyotangulia kwa makini, na ninaona ni wajibu wangu kuleta kisa cha mtu aliyeshika kalamu kama wewe.

Mimi nimelelewa katika Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, ambalo wamisionari wa Kimarekani walilileta hapa Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Ibada zetu nyingi zina nyimbo, mahubiri na mchungaji, kwa hiyo anayetutembelea huenda asitambue kwamba mwanzo wa imani hii, katika Uingereza ya karne ya 17, ulikuwa watu kuketi kimya wakingoja Nuru ya ndani, ambayo George Fox, mwanzilishi wake, alifundisha kwamba Mungu ameiweka katika kila mtu.

John Woolman alikuwa Rafiki. Alizaliwa mwaka 1720 katika New Jersey, wakati ule ikiwa koloni la Waingereza. Akiwa kijana aliajiriwa dukani Mount Holly, akiuza na kutunza hesabu. Siku moja tajiri wake, aliyekuwa na mtumwa mwanamke, alimuuza na kumwambia Woolman aandike hati ya mauzo, huku mnunuzi akisubiri. Jambo lilikuja ghafla. Woolman alisononeka, lakini akajiambia kwamba ameajiriwa kwa mwaka, kwamba anayemwagiza ni mwenye kazi, na kwamba mnunuzi ni mzee mwenye heshima wa dini yake mwenyewe. Akaandika. Hata hivyo moyo ulimwelemea kiasi kwamba alisema hapo hapo, mbele ya wote wawili, kwamba anaamini kuwamiliki watu hakupatani na dini ya Kikristo. Kusema hivyo kulimpunguzia uzito, ila kila alipolifikiria baadaye aliona kwamba angekuwa safi zaidi kama angeomba kusamehewa kazi ile.

Ninakuomba uzitazame zile sababu tatu alizojipa. Ni zako: mwajiri ameagiza, mkataba unanifunga, na watu wa heshima wanafanya hivyo hivyo.

Baadaye kijana mmoja Rafiki alimjia na ombi la namna ile ile, na safari hii Woolman akamwambia kwa upole kwamba hawezi kuandika, kwa sababu moyo wake hauko radhi. Ninachokipenda zaidi kilitokea kwa jirani yake aliyeumia vibaya na kumwomba aandike wosia. Katika wosia kulikuwa na msichana mtumwa ambaye angerithiwa na mmoja wa watoto. Woolman aliandika wosia wote isipokuwa sehemu hiyo, akaupeleka kitandani kwa mgonjwa, akamweleza kwa urafiki kwamba hawezi kuandika hati inayomfanya binadamu mwenziwe kuwa mtumwa bila kujiletea dhiki ya moyo, na kwamba hatamtoza chochote kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Wakazungumza, na mwishowe mgonjwa akakubali msichana awe huru. Ndipo Woolman akaumalizia wosia.

Hakuacha kuandika nyaraka, wala hakuondoka kijijini. Hakumtukana mtu. Alikataa mstari mmoja, akaueleza, na akakubali kupoteza ujira kwa ajili yake. Mwaka 1758 mkutano mkuu wa Marafiki wa Philadelphia, naye akiwa miongoni mwa waliosimama kuzungumza, ulichukua hatua dhidi ya washiriki wanaonunua na kuuza watumwa, na mwaka 1776, miaka minne baada ya kifo chake, ukakataza kabisa mshiriki kumiliki mtumwa. Kumbukumbu alizoziandika zilichapishwa mwaka 1774, na humo ndimo tunamokutana na hati ile ya kwanza, maana hakuificha.

Kwa swali lako la kutofautisha, Marafiki wana vipimo ambavyo ninaviona vya busara. Cha kwanza ni muda: woga huja na wimbi na hutulia hatari ikipita, lakini jambo la dhamiri hubaki pale pale baada ya usingizi, baada ya chakula, baada ya kila hoja uliyojipa, kama lilivyobaki kwako mpaka jioni. Cha pili ni kutazama msukumo huo unamgharimu nani. Mtu anaposema moyo umemwelekeza, na gharama yote ikawaangukia mke na watoto huku yeye akipata alichokitamani, tunalo la kumuuliza. Woolman alipoisikiliza Nuru, aliyepungukiwa ujira alikuwa yeye. Cha tatu ni kwamba hatuamini mtu apime peke yake. Ipo desturi ya kuwaita watu wachache unaowaamini wakaketi nawe kimya, na kazi yao ni kukuuliza maswali ya kweli tu, bila kukupa ushauri, mpaka wewe mwenyewe usikie unachokijua. Huhitaji kuwa Rafiki ili ufanye hivyo. Watu wawili au watatu wasio na maslahi katika kampuni yenu wanatosha.

Mzee wa Iringa

Nawaheshimu wote waliochangia, lakini ninaona tunampeleka binti huyu mbali mno. Nabii Yeremia, sura ya 17 mstari wa 9, anasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Nimeona makanisa yakigawanyika kwa sababu mtu fulani alisikia sauti. Kwa jambo hili hahitaji hekima ya ndani wala kuketi kimya: mifuko ni 360, na 360 haijawahi kuwa 400. Ajifunze kufuata taratibu zilizoandikwa, na moyo auache upumzike.

Rafiki wa Kaimosi, Vihiga

Mzee wangu, onyo la Yeremia ninalipokea, na ndilo linalofanya vipimo kuwa vya lazima. Lakini Mtume Paulo naye, katika Warumi sura ya 2, anazungumzia sheria iliyoandikwa mioyoni na dhamiri inayoishuhudia. Hesabu ya mifuko ilijulikana na watu watatu pale penye lori, yaani dereva, msimamizi na huyu dada. Wote waliiona 360 na utaratibu ulikuwa umeandikwa kwa ajili yao wote. Kilichomfanya mmoja wao ashindwe kuipita kimyakimya hakikutoka katika kitabu cha taratibu.

Mhasibu, Arusha

Naomba niingie kwa upande wa karatasi, kwa sababu dada amesema wazi kwamba anataka kubaki kazini, na ninaamini inawezekana.

Hati ya kupokelea mzigo inajibu swali moja tu: leo, mahali hapa, nimepokea nini? Haijibu kiasi kilichoagizwa, kwa kuwa hicho kiko kwenye hati ya kuagizia, wala haijibu kiasi kinachodaiwa, kwa kuwa hicho kiko kwenye ankara. Mhasibu huziweka karatasi hizo tatu pamoja na kuzilinganisha kabla ya kulipa, na ulinganisho huo una maana kwa sababu tu kila karatasi imeandikwa na mtu mwingine kwa macho yake mwenyewe. Ukiandika 400 kwa kuwa ndicho kilichoagizwa, umeiondoa karatasi yako kwenye ulinganisho, na mhasibu aliyeko ofisini hana njia ya kujua.

Kwa hiyo andika hivi: "Nimepokea mifuko 360 ya kilo 50. Mifuko 40 haijaletwa." Mwombe dereva atie saini chini ya maneno hayo, kwenye nakala zote, kabla lori halijaondoka. Dereva mkweli hatakuwa na tatizo, maana ndivyo alivyosema mwenyewe. Msimamizi akilalamika kwamba malipo yatakwama, mweleze kwamba msambazaji anaweza kulipwa mifuko 360 leo na 40 ikifika, kwa hati yake ya pili. Kazi haisimami. Ninalisisitiza hili kwa kuwa mara nyingi watu waaminifu hudhani wana njia mbili tu, kuandika uongo au kugombana, kumbe nafasi ya kuandika ukweli ipo kwenye fomu yenyewe.

Pia ujue sheria inasemaje. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inagusa pia kutumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumpotosha mwajiri, na haiwahusu watumishi wa serikali peke yao. Aliyekuagiza kwa mdomo hayupo kwenye karatasi. Saini ni yako.

Mtunza Stoo, Dodoma

Shikamoo mama wa Morogoro, shikamoo mzee wa Iringa, na wengine wote ninawashukuru kwa moyo mweupe. Nimesoma kila neno, nikayarudia.

Swali la mama, kwamba kinachosema ndani yangu kimejifunzia wapi, limenifungua zaidi ya nilivyotarajia, maana nikijiuliza hivyo ninaona woga wangu wa ofisini na kusita kwangu penye lori havifanani hata kidogo. Wa ofisini hunishika tumboni kabla sijaingia na huisha nikishatoka, vyovyote mazungumzo yatakavyokuwa. Huku kusita kwingine hakunitetemeshi. Ni kama mkono unakuwa mzito tu, na uzito unaongezeka baada ya kuandika. Kipimo cha ndugu yangu wa Mombasa nacho nimekipitisha, na jibu ninalijua.

Mzee, umesema kweli kwamba 360 ni 360. Nilichokuwa nimepoteza si hesabu, maana nilihesabu sawasawa kila mara. Nilikuwa nimeacha kuamini kwamba hesabu yangu ina uzito mbele ya maneno ya mkubwa. Nadhani hilo ndilo nililokuja kuuliza bila kulijua.

Nimezungumza na dada yangu mkubwa na jirani mmoja aliyekuwa mwalimu. Walinisikiliza na kuniuliza maswali, kama ilivyoelezwa na Rafiki wa Kaimosi, ingawa dada yangu alishindwa kujizuia kutoa ushauri. Mzigo ujao nitaandika nilichokihesabu, kwa maneno aliyonipa Mhasibu, na msimamizi nitamweleza asubuhi kabla lori halijafika, faraghani, ili asione nimemvizia mbele ya vibarua.

Limebaki moja. Zile hati za nyuma ambazo tayari nimeandika 400, nizifanyeje? Kila nikifungua faili ninaziona.

Mhasibu, Arusha

Usizifute wala usizirekebishe kwa kalamu hata moja, kwa kuwa hati iliyochezewa ni kosa jipya. Chukua leja ya stoo na hati za kutolea vifaa, uhesabu saruji iliyopo sasa, kisha uone leja inasema ibaki mingapi na iliyopo ni mingapi. Tofauti hiyo iandikie barua fupi yenye tarehe, bila kumtaja mtu wala kudhania kilichotokea, ukisema kwamba katika baadhi ya siku hati ziliandikwa kiasi kilichoagizwa kabla ya salio kufika, na kwamba kuanzia tarehe fulani utaandika kilichoshuka tu. Mpe msimamizi, peleka nakala kwa mhasibu wenu, na ubaki na nakala moja iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kama ile mifuko 40 kweli ilikuwa inakuja, hesabu itaonyesha hivyo na kila mtu atapumua. Kama haikuwa inakuja, ni bora ijulikane kwa barua yako kuliko kwa mkaguzi.